Bei ya gari la marehemu baba

Ukitaka kujua mwanamume anapenda nini, usimuulize. Angalia kitu anachokataa kukiuza hata mfuko ukiwa umetoboka. Kuna ambao ni shamba la kijijini wasilolilima, kuna ambao ni redio kaseti isiyotoa sauti tangu enzi za Mwinyi. Shemeji yenu yeye ni gari. Na siyo hili tunalopandia kwenda kazini hapa Mbeya, la hasha! Ni gari ambalo tangu anioe sijawahi kulisikia likinguruma hata mara moja.

Mpenzi msomaji, kila mwezi ukurasa huu unazungumzia pesa inavyojipenyeza katikati ya watu wawili wanaopendana. Safari hii imejipenyeza kwangu, kwa hiyo sina haja ya kutafuta mfano wa mbali. Tena najua wengi wenu mna gari kama hili mahali fulani. Peugeot 504 ya babu iliyoota nyasi, Land Rover ambayo baba aliipata kwenye mnada, Volkswagen ya mwalimu mkuu mstaafu. Mmoja anasema tuuze, mwingine anasema tufufue, na hakuna hata mmoja anayejua kitu chenyewe kina thamani gani.

Letu liko Tukuyu, nyumbani kwa mama mkwe, kwenye banda la mabati nyuma ya migomba. Ni Datsun 240Z ya mwaka 1972. Kwa wasiolijua: lina viti viwili tu, boneti refu mpaka unajiuliza dereva anaonaje mbele, na nyuma limekatwa ghafla kama vile bati liliisha kiwandani. Chini ya boneti hilo kuna injini ya lita 2.4, silinda sita kwenye mstari mmoja, kabureta mbili. Japani walikuwa wakiliita Fairlady. Rangi yake zamani ilikuwa ya chungwa. Sasa hivi ni ya chungwa lililosahauliwa juu ya friji.

Baba mkwe alilinunua Mbeya mwaka 1976, kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akihama. Hebu fikiria, baba wa watoto wanne, mtu wa chai na ndizi, ananunua gari la viti viwili! Siku moja nilimuuliza mama mkwe nani alimshauri. "Hakuna aliyemshauri, mwanangu," akanijibu. "Ndiyo maana alilinunua."

Mzee mwenyewe sikumkuta, alifariki mwaka 2011. Na hata ningemkuta hai, kwa mila za zamani za Kinyakyusa mke wa mtoto hakai uso kwa uso na baba mkwe, kwa hiyo pengine ningemfahamu kwa gari hilohilo. Mimi binti wa Korogwe nililishangaa hilo mwanzoni, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Ili kumwelewa lazima ukumbuke Safari Rally. Mbio hizo zilianza mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, na baadaye zikawa za wakati wa Pasaka, kwenye barabara zetu za vumbi na matope. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda wakiwa na Datsun 240Z. Mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakarudia kwa gari la aina hiyohiyo, tena kwa kuponea chupuchupu, maana Mehta alilingana pointi na Harry Källström aliyekuwa na Datsun nyingine, ikabidi itumike kanuni ya kuvunja sare. Mehta huyo alizaliwa Kampala, na familia yake ilikuwa kati ya Waasia waliofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972. Mwaka mmoja baadaye anashinda Safari! Vijana wa wakati ule walioinamia redio walilijua gari hili kama wa leo wanavyowajua wachezaji wa Simba na Yanga. Lile lililoshinda mwaka 1971 Nissan wanalitunza Japani mpaka leo, pamoja na mabonde na mikwaruzo yake. Hayo mabonde yashikeni, nitayarudia.

Mama mkwe anakumbuka mengine. Anakumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, mafuta yalipokuwa adimu na magari binafsi yakakatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa 8 mchana. Mzee alikuwa akitazama saa kanisani kuliko alivyomtazama mchungaji. Ibada ikirefuka, anatoka kwa kunyata. Mwaka 1993 klachi ikaisha, spea haikupatikana, gari likasukumwa bandani "kwa muda". Si unajua muda wa wanaume.

Sasa ugomvi wenyewe. Mimi na shemeji yenu tuna akaunti ya pamoja, na ndani yake kuna milioni 15 za msingi wa nyumba, kiwanja kiko Uyole. Jioni moja naambiwa, kwa sauti ile ya taratibu ya mtu aliyekwisha kuamua, kwamba kuna fundi amesema kwa milioni 9 gari linaamka. Nikamuuliza fundi huyo ameliona lini. Hajaliona. Amesikia habari zake kwa simu! Nikasema kwa milioni 9 zangu na zako naomba kwanza niuone mlango wa nyumba yangu. Tukalala kila mtu na ukuta wake.

Kesho yake kaka yake aliyeko Dar akapiga, yeye anataka liuzwe hata leo. Wifi yangu naye akasema atakayeligusa gari la baba atamtambua. Keshokutwa akapiga mama mkwe mwenyewe. Kumbe amekuja dalali na milioni 2 taslimu mkononi, anataka kulipakia Jumatatu. Na mama alikuwa anakaribia kukubali.

Hapo mimi ndipo nilipoweka chini msimamo wangu wa kuuza, shemeji yenu akaweka chini wa kwake, tukapanda gari kwenda Tukuyu Jumamosi asubuhi. Maana dalali anayekuja na fedha taslimu bila kuulizwa, na anataka kupakia Jumatatu, kuna anachokijua ambacho ninyi hamkijui.

Tulimchukua fundi bodi wa kwetu na tukamlipa siku yake nzima, awe upande wetu. Hili nalisisitiza. Fundi anayetegemea kupata kazi ya kulitengeneza gari hawezi kukuambia kwamba halitengenezeki, na fundi wa mnunuzi hawezi kukuambia kwamba ni zuri. Anayekagua alipwe kwa kukagua tu.

Jambo la kwanza alilofanya halikuwa kugusa injini. Alisugua kwa kitambaa ule ukuta wa bati unaotenganisha injini na dereva, tukaona namba ya chesisi imegongwa pale, inaanza na HS30. Kwenye injini ikaonekana L24 na namba zake. Akachukua kadi ya gari, ile ya zamani iliyolainika kama noti ya kwenye ndoo ya muuza samaki, akalinganisha. Namba zote zikakubaliana. Mimi nikasema vizuri, tuendelee. Shemeji yenu alikaa kimya kidogo halafu akaniambia hiyo peke yake ni pesa. Na ni kweli. Injini iliyotoka nayo kiwandani ikiwa bado imo, wapenzi wa magari ya zamani wanalipia. Na hiyo HS30 maana yake ni gari lenye usukani kulia. Mengi ya aina hii yaliuzwa Marekani, usukani kushoto. Ya kulia ni machache, na wanaoyataka wako Kenya, Uingereza, Australia, Afrika Kusini.

Baada ya hapo fundi akaomba sumaku. Nilikuwa nayo, ya mlango wa friji, kwa sababu aliniambia niibebe. Anaipitisha polepole kwenye bodi: inaponata kuna bati, inapoanguka chini kuna puti. Ilianguka mara mbili tu, juu ya matao ya magurudumu ya nyuma. Halafu akalala chini kwenye mkeka, na hapo uso wa shemeji yenu ukabadilika. Sakafu upande wa dereva unapitisha ngumi. Zile reli mbili za chuma chini ya sakafu zinamomonyoka kama mkate. Pale panapokaa betri pana tundu, chini ya milango kutu, kwenye kishimo cha tairi la akiba kutu. Mvua ya Tukuyu ni zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, jamani, na banda la udongo halina huruma.

Lakini mvua hiyohiyo ilikuwa na fadhila zake. Dashibodi za magari haya zina ugonjwa unaojulikana dunia nzima, jua linazipasua. Ya kwetu nzima, haina hata ufa wa unywele! Zaidi ya miaka 30 ya ukungu wa Rungwe imeitunza kama yai. Usukani wake wa asili upo, vioo vyote vipo, nembo zote zipo, kabureta zote mbili zipo. Fundi akaniambia mtu wa nje anayehangaika na gari kama hili anaweza kukosa usingizi kwa ajili ya dashibodi nzima.

Injini ilikuwa imekaza. Kijana mmoja wa jirani akaja mbio na betri, eti tujaribu tu. Fundi karibu amfukuze. Injini iliyolala miaka yote hiyo ukiilazimisha kuzunguka unaikwangua ndani. Zinatolewa plagi, inamwagiwa oili kwenye silinda, inaachwa siku kadhaa, halafu inazungushwa kwa mkono. Mnunuzi makini anapendelea injini iliyokaza na haijaguswa kuliko iliyonguruma dakika 2 mbele ya majirani ikafa. Vivyo hivyo rangi. Wifi alitaka tupige rangi kwanza "lipendeze". Rangi mpya juu ya gari kuukuu inamfanya mnunuzi ajiulize unaficha nini. Ndiyo maana nilisema myashike yale mabonde ya Japani. Nissan wenyewe hawakuyanyoosha, sembuse sisi.

Tulipiga picha kama 80, nyingine za aibu, kutu yote na matundu yote. Mnaouza vitu mnapenda kupiga upande mzuri. Kwa kitu cha zamani picha ya tundu ndiyo inayomfanya mtu wa mbali akuamini.

Tuje kwenye bei, maana ndiyo iliyotulaza kila mtu na ukuta wake.

Bei ya chini kabisa ni ya chuma chakavu. Gari hili ni kama kilo 1,000 na kidogo, unazidisha kwa bei ya kilo ya siku hiyo, basi. Juu ya hapo kuna bei ya spea, mtu anayelinyofoa dashibodi, vioo, injini, kabureta, kila kimoja anauza kivyake. Dalali wetu alikuwa anatoa bei ya chuma akiwa na hesabu ya spea kichwani. Milioni 2! Dashibodi peke yake, usukani na zile kabureta vingemrudishia pesa yake na nauli.

Halafu kuna bei inayowatia wanaume kizunguzungu. Mwezi Januari 2020 Datsun 240Z moja iliuzwa kwa mnada wa mtandaoni Marekani kwa dola 310,000. Kwa kiwango cha wakati ule ni zaidi ya shilingi milioni 700. Shemeji yenu alikutana na habari hiyo usiku, akaniamsha. Asubuhi tukaisoma vizuri pamoja: gari lile lilikuwa limetembea maili 21,750 tu, kama kilomita 35,000, na lilitunzwa kama sahani za harusi. La kwetu limetembea tangu 1976 kwenye barabara ya Mbeya na Kyela, na sakafu inapitisha ngumi. Kulinganisha haya mawili ni sawa na kusema kiwanja chako cha Uyole kina bei ya Masaki kwa sababu vyote ni viwanja.

Bei yenu iko katikati, na inapatikana kwa hesabu ya kuchosha. Unatafuta magari ya aina hiyo, ya usukani kulia, yasiyotembea, yenye kutu, na yaliyouzwa kweli. Siyo yanayotangazwa, maana mtu anaweza kutangaza bei ya ndoto yake. Unatoa gharama ya kulisafirisha. Unatoa unafuu ambao mnunuzi atautaka kwa sababu hana uhakika. Fundi wetu alituandikia pia gharama ya kulifufua sawasawa, siyo ya kwa simu: kukata sakafu na kuchomelea mpya, reli, bodi, injini, klachi, breki zote, mipira yote, nyaya. Ilifika milioni 31, na hapo baadhi ya spea ni za kuagiza nje. Shemeji yenu aliisoma karatasi hiyo mara tatu. Mimi sikusema neno, na wanawake wenzangu mnajua hiyo ni kazi ngumu kiasi gani.

Lakini kulikuwa na swali kubwa kuliko bei. Gari ni la nani?

Kadi ilikuwa na jina la marehemu. Mirathi haikuwahi kufunguliwa, kama ilivyo kwa familia nyingi, kwa sababu hakuna aliyetaka kuonekana ana haraka na mali ya baba. Kwa hiyo shemeji yenu hana gari, mama hana gari, kaka wa Dar hana gari. Gari ni la mirathi. Yeyote kati yao angechukua zile milioni 2 za dalali, angeuza kitu kisicho chake, na mnunuzi asingeweza kubadilisha jina TRA. Na sisi tungetia zile milioni 9 tungekuwa tumezitoa zawadi kwa warithi watano bila wao kutuomba.

Hapa wachumba na wanandoa vijana naomba mnisikilize vizuri. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 58, inasema ndoa yenyewe haibadilishi umiliki. Alichokuja nacho mwenzio kinabaki chake. Lakini kifungu cha 114, kinachohusu kugawana mali ndoa inapovunjika, kinahesabu pia mali ambayo mmoja alikuwa nayo kabla, kama imeendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzake au kwa juhudi za wote wawili. Kwa hiyo ukitia pesa yako kwenye gari, nyumba au shamba la mwenzio, weka risiti. Siyo kwamba unapanga kuachika. Unaweka risiti ya friji na huombei liharibike.

Tulikaa sebuleni kwa mama mkwe, kaka wa Dar akiwa kwenye simu iliyowekwa juu ya meza, wifi amekuja kutoka Kyela, mdogo wao wa mwisho amekaa mlangoni. Karatasi ya fundi ikasomwa. Kila mmoja akasema lake, baba alilipenda, baba angetaka hivi, baba angetaka vile. Ilikwenda karibu saa nzima. Mama alikuwa anamenya ndizi. Mimi ndiye niliyeuliza, kwa sababu mkwe anaruhusiwa kujifanya hajui: "Na wewe mama, unataka nini?"

Akaweka kisu chini. "Mimi nataka banda," akasema.

Watu wakanyamaza mpaka kaka wa Dar akauliza kama simu imekatika.

Kumbe mama amekuwa akizunguka gari hilo kwa ufagio tangu mwaka 1993. Anataka mtamba wa maziwa, kama majirani zake wote wanaopeleka maziwa kila asubuhi, na hana pa kumweka. Milioni 2 za dalali zilimvutia kwa sababu zilikuwa karibu na bei ya mtamba aliyekwisha kumchagua. Ndiyo hesabu yake aliyokuwa anapiga miaka yote hiyo, na wanawe wakidhani wanamtunzia kumbukumbu! "Baba yenu nilimpenda," akasema. "Gari nililivumilia."

Wifi alilia, halafu akacheka, halafu akamenya ndizi.

Mengine yalikwenda kwa taratibu. Kikao cha ukoo kikaandika muhtasari, na mama mwenyewe akapendekezwa kuwa msimamizi wa mirathi. Kuna baba mdogo mmoja alikohoa kidogo kwamba msimamizi awe mtoto wa kiume. Muhtasari ukasainiwa hivyohivyo. Tukapeleka cheti cha kifo na karatasi nyingine Mahakama ya Mwanzo, tangazo likabandikwa, na ikachukua miezi minne kupata barua ya usimamizi. Dalali alipiga simu mara sita ndani ya miezi hiyo. Mara ya mwisho alifika milioni 7. Kutoka 2 hadi 7 bila gari kuguswa hata nati!

Picha tuliwatumia wapenzi wa magari ya zamani wa Dar, Arusha na Nairobi. Nairobi wana utamaduni huu kuliko sisi. Maonyesho yao ya Concours d'Elegance, yanayoandaliwa na klabu ya wamiliki wa Alfa Romeo, yalianza mwaka 1970, na tangu 2003 wamekuwa pia na mbio za Safari za magari ya zamani, ambako hizi Datsun bado zinachana vumbi. Bwana mmoja wa huko alitaja milioni 24, shemeji yenu akaruka. Lakini Kenya ina kikomo cha miaka 8 kwa magari yanayoingizwa nchini, na hili lina zaidi ya 50. Nikamwomba anieleze kwa maandishi atalivusha kwa kibali gani. Akasema nisijali, "kuna njia". Nikajali. Njia ambayo haiandikiki mwisho wake ni jina la mama mkwe wangu kwenye faili la forodha.

Wa Arusha alitoa 19. Alikuja mwenyewe, akalala chini ya gari kwenye ule mkeka, akatoka na tope mgongoni na tabasamu. Kutu hakuishangaa, alikwisha kuiona kwenye picha. Alichotaka kujua ni kama dashibodi ni nzima kweli au tulichagua pembe.

Palitokea kasheshe moja. Shemeji yenu aliomba usukani ubaki, autundike ukutani. Mnunuzi akasema kwa upole kwamba usukani ukibaki anapunguza laki 8. Nilimtazama mume wangu akipiga hesabu ya laki 8 ambazo si zake peke yake, za mama na ndugu zake. Nilikuwa tayari kumwambia tuzitoe sisi mfukoni, na ningezitoa. Akatikisa kichwa. "Uende," akasema. Aliomba tu akae ndani ya gari kidogo kabla halijapakiwa. Alikaa kama dakika 40, mlango umefungwa. Sikumuuliza alikuwa anafanya nini na naomba wifi zangu wasomaji msiniulize.

Pesa ilipita benki kwenda akaunti ya mirathi, mkataba ukasainiwa mbele ya wakili, nakala ya kadi na barua ya mahakama zikaambatanishwa, na gari halikupanda lori mpaka ujumbe wa benki ulipoingia kwenye simu ya mama. Msimwachie mtu gari kwa ahadi ya "nikifika Arusha natuma", hata awe na tabasamu la namna gani. Baadaye mama aligawa mbele ya wote, akaandika nani kapata nini, orodha ikarudishwa mahakamani. Fungu la shemeji yenu lilikuja kwenye akaunti yetu bila mimi kuuliza. Si kubwa, lakini ni lori kadhaa za mchanga na mawe.

Mtamba ameshanunuliwa. Ila wiki iliyopita mama alipiga simu saa 12 asubuhi, analalamika: ng'ombe hataki kulala bandani, anasimama mlangoni usiku kucha. Banda linanuka oili na petroli. Shemeji yenu amekwenda huko tangu Ijumaa na koleo, anachimba udongo wa juu na kumwaga maranda mapya, na ameniambia kwa simu kwamba amekuta nati tatu na kofia ya tairi.

Mwezi ujao tutazungumzia vikoba, hasa pale mke na mume wanapokuwa kwenye kikundi kimoja na mmoja wao hajarejesha.